Tansyo

Base Camp, Nakivale
Tarehe 9 Juni

Baba mpendwa, Muganga Gervais,

Bwana asifiwe sana. Ninakuandikia nikiwa mzima, tumbo limeshiba maharage mapya, na ninaomba barua hii ikukute nawe una nguvu, huko kwenye kituo chako cha afya juu ya milima ya Baraka, mahali ambapo simu haishiki mpaka mtu apande kilima na kuisihi. Goti lako linaendeleaje? Na Mzee Onesphore, bado anakuja kupimwa kila siku ya soko kwa sababu tu anapenda kiti chako? Barua hii anakuletea Modeste, yule mfanyabiashara wa vitenge. Nimempa na sabuni sita. Asipozitaja, muulize.

Acha kwanza nijisifu, maana najua unapenda nikijisifu, ila huwa unakohoa ili usionekane ukicheka. Kazi yangu ya kompyuta imefikisha mwaka mmoja na nusu. Nilikueleza kidogo kwa simu, lakini mtandao ulikula nusu ya maneno. Ni hivi: mkimbizi wa hapa kambini akijisikia vibaya, anapiga namba fupi, anaeleza kwa Kiswahili chake kinachomsumbua, na mashine inamjibu kwa sauti ya mwanamke mpole. Inamwambia aende haraka kwa muganga, au apumzike na kunywa maji. Sasa mashine haizaliwi ikijua. Inafundishwa. Sisi kumi katika chumba chenye umeme wa jua tunavaa visikilizio, tunasikiliza sauti za watu, tunaandika walichosema, kisha tunachagua kwenye orodha maana yake. Binti yako anafundisha mashine, Baba. Hata wewe hujawahi kuwa na mwanafunzi mkaidi hivyo.

Ila kazi za siku hizi zina maajabu yake. Tunakaa kivulini, hatushiki jembe, na bado tunaumwa kama wazee. Pacifique, anayekaa meza ya jirani, ana miaka ishirini na minne na anajipaka mgongoni ile dawa ya kuchua unayowapa wakulima. Mimi macho yananiwasha ikifika saa tisa. Tunashinda tukisikiliza magonjwa ya watu huku shingo zetu wenyewe zikikakamaa, na mama alikuwa akitucheka akirudi shamba amenyooka kama mlingoti wa bendera. Siku hizi saa nne na saa nane nasimama natembea mpaka bombani na kurudi. Wenzangu walinicheka wiki moja, sasa tunatembea wote.

Sasa nije kwa mama. Kaa chini, Baba, lakini usiogope, maana ninavyoandika yuko nje anabishana na Yvette, jirani yetu, juu ya kuku. Mwezi wa tatu tulikuambia mama ameenda Mbarara kumtembelea binamu Larissa kule Nyamitanga. Hayakuwa matembezi. Mama aliugua, nasi tukakuficha kwa sababu njia zilikuwa zimefungwa na tulijua ungetaka kuja kwa miguu.

Ilianza na kichwa. Alilima siku mbili akisema ni jua. Siku ya tatu, bila kuniambia, alipiga ile namba, maana alitaka kusikia mashine ya mwanawe. Akaiambia alivyozoea kusema: "Niko na tansyo, kichwa inaniuma sana, macho inaona giza." Mashine ikamjibu kwa upole kwamba pole, maisha yana mizigo, apumzike, avute pumzi taratibu, na azungumze na mtu anayemwamini. Mama akatii. Aliketi mkekani siku mbili akimweleza Yvette huzuni zake zote tangu mlipooana, nami nikirudi jioni ananisifia kwamba mashine yangu inafariji kuliko mchungaji. Nilicheka, nikafurahi. Sikumuuliza aliiambia nini.

Asubuhi iliyofuata sufuria ilimponyoka mkononi. Mkono wa kulia haukumtii, na mdomo ulikuwa umevutwa upande. Tulimpakia kwenye boda, mimi nyuma nimemkumbatia. Pale zahanati, nesi Kyarisiima, Mnyankore wa hapa Uganda mwenye moyo mzuri, alimuuliza anaumwa nini, na mama akalazimisha ulimi kusema tansyo. Nesi akamshika bega akamuuliza kwa upole ni kitu gani nyumbani kinampa mawazo. Hapo nilipiga kelele kwamba ni presha, presha ya damu! Nesi aliruka kuchukua kipimo. Ilikuwa mia mbili na kumi kwa mia moja na ishirini. Kwa hesabu yako ya Kifaransa ni ishirini na moja kwa kumi na mbili, kwa hiyo huhitaji nikueleze zaidi.

Gari la wagonjwa lilitufikisha Mbarara, hospitali ya misheni pale Ruharo, na walimhudumia vizuri sana. Alilazwa siku tisa. Wiki ya pili nyumbani alianza kushika kijiko. Mwezi wa tano alipanda mstari mmoja wa maharage kwa mkono ule ule, mstari umepinda, na amemkataza mtu yeyote kuunyoosha. Anakunywa dawa kila asubuhi na kuniamuru niandike namba zake daftarini kama ulivyokuwa ukiniamuru wewe.

Baba, sasa lile lililonifanya nichukue kalamu. Unajua sisi tukisema tansyo, neno tulilolitoa kwenye Kifaransa, tunasema presha ya damu. Hapa, kwa waliosoma Kiingereza, neno hilo hilo ni mawazo, ni msongo. Mwongozo wa kazi yetu uliandikwa na watu wa Kiingereza, na ulisema mtu akitamka hivyo, chagua msongo wa mawazo. Ungeweza kusema ni kosa lao. Lakini mimi nilijua. Siku yangu ya tatu kazini nilimsikia mwanamke wa kijiji cha Juru akisema ana tansyo na masikio yanalia, na nilijua kabisa anasema nini. Nimeshika daftari lako tangu nina miaka tisa, wewe ukitaja kumi na sita kwa kumi nami naandika. Walakini waliouliza maswali walikuwa wakibaki nyuma, nami nilitaka kuwa wa kwanza. Tena niliona aibu. Nilidhani neno letu ni la watu wasiosoma, na kwamba Kiswahili cha orodha ndicho safi. Nikabonyeza msongo wa mawazo. Nikabonyeza hivyo kila lilipopita, mwaka mzima. Ile sauti iliyomwambia mama apumzike niliifundisha mimi.

Nilimwambia mama akiwa bado kitandani Ruharo. Aliomba uji. Kisha nikamwambia msimamizi wetu, mbele ya wote, nikiwa nimeshafunga mkoba wangu kwa sababu nilijua nafukuzwa. Hakunifukuza. Aliniambia nifungue mkoba, nikae, na nitafute sauti zote zenye neno hilo. Walikuwa watu thelathini na mmoja. Pacifique nami tuliwafuata kwa boda, kijiji hadi kijiji, pamoja na nesi na kipimo chake, na wote tuliwapata. Kumi na tisa presha ilikuwa juu, sasa wanakunywa dawa. Mmoja wao, baba wa watoto watano kule Rubondo, mguu wake ulikuwa tayari umepooza. Namtembelea kila Jumapili baada ya ibada. Yeye sijui nitamlipa nini.

Leo ukiiambia mashine una tansyo, inakuuliza kwanza: "Ni tansyo ya kupima ku mukono, ao ni mawazo mingi?" Sentensi hiyo niliiandika mimi, kwa Kiswahili cha kwetu, na hakuna aliyeisahihisha. Ninaionea fahari kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Ile picha niliyokutumia, nimeshika cheti cha kazini cha mfanyakazi asiyekosea, uliyoitundika juu ya mizani ili kila anayepimwa aisome, ishushe. Sistahili. Cheti hicho nilikipata kwa kunyamaza.

Wasalimie wa kanisani na Mzee Onesphore. Pumzisha goti. Na wewe pia jipime, waganga ndio wa kwanza kusahau mikono yao. Mama ameitaka kalamu, kwa hiyo maandishi yaliyopinda hapo chini ni yake, kwa mkono ule ule.

Ni mimi binti yako,
Orpa

Baba Orpa, miye niko. Tansyo kumi na tatu kwa nane. Ile foto usiitoshe ku ukuta, iache pale pale. Mutoto alisema kweli yeye mwenyewe, hakuna mutu alimusukuma.
Mama Orpa