Majina Mawili Uliyoogopa Kuyaomba

Baba,

Kamwene. Ulitufundisha kwamba hata mtu anayekwenda kushtaki husalimu kwanza, kwa hiyo nimesalimu. Sasa niache nishtaki.

Huu ni mwaka wa pili tangu tukuzike kule Mbeya, na sijasema nawe hata moyoni. Hapa Iringa watu wanadhani nina huzuni isiyopona. Mwalimu mkuu aliniita akaniambia, "Mwalimu Damari, machozi nayo yana mwisho wake." Nilimshukuru nikatoka. Ningemwambiaje kwamba si machozi? Nina hasira nawe, Baba. Nimekaa nayo tangu siku ile barazani, na leo naiandika wazi, anayetaka asome, kwa sababu kosa ulilolifanya si lako peke yako. Limo katika nyumba nyingi za huku kwetu, kwa watu wema kama wewe.

Unazikumbuka Jumamosi zako? Wewe ulikuwa karani wa baraza, mahakama yetu ya wenyeji, na siku hizo baraza likiwa limefungwa, watu walikufuata nyumbani, pale chini ya mlima. Walikaa kwenye benchi la nje wamejifunika mablanketi kwa baridi, kila mmoja na jambo lake. Hukudai malipo. Aliyeleta mayai alileta, asiyeleta alisikilizwa vilevile. Mimi nikiwa likizo kutoka chuo cha ualimu nilikaa mlangoni na kitambaa changu cha kushona, nikikusikiliza unavyoichukua sheria na kuiweka katika maneno ya mtu wa jembe.

Alikuja mzee mmoja wa Ubaruku, mwenye mashamba ya mpunga na wake watatu. Akasema hana haja ya kuandika wosia, watoto wake wanajua shamba lipi ni la nani. Ukamwambia, "Wanajua kwa sababu uko hai, mzee. Ukishazikwa kila mmoja atajua la kwake." Akakubali. Ukamwandikia, ukamsomea mara mbili, kisha ukamtuma akalete mashahidi wawili. Alirudi na mwanawe mkubwa. Ukamrudisha. "Shahidi asiwe mtu atakayepata kitu humu ndani. Watasema amejishuhudia mwenyewe. Niletee majirani, watu wasio na tuta hata moja katika maneno haya." Mzee alinung'unika, lakini Jumamosi iliyofuata alikuja nao, wakatia majina yao mbele yako.

Walikuja pia wale wawili wa Makongolosi waliochimba dhahabu pamoja na kula chungu kimoja. Walisema wao ni ndugu, hawahitaji karatasi. Ukawauliza, "Mmoja wenu akifa, mwenzake atachimba na nani?" Wakatazamana. Ukasema, "Atachimba na shemeji za marehemu. Basi andikeni leo nani ametoa nini, na fungu la atakayetangulia liende kwa nani." Benchi zima lilicheka, nami nikacheka kwa fahari. Nilijisemea, huyu ndiye baba yangu.

Wageni walipoondoka siku hiyo tukakaa kula. Mama akakuuliza taratibu, "Baba Damari, na ya kwetu je? Imeandikwa?"

Ukamega tonge, ukamjibu, "Mke wa karani naye aogope nini?"

Tukacheka tena. Mimi pia nilicheka, na hilo bado sijajisamehe.

Maana nyumba ile aliijenga Mama. Kiwanja ulikipata wewe kwa ajili ya kazi yako, na jina kwenye karatasi lilikuwa lako, sikatai. Lakini udongo wa matofali aliukanyaga yeye, akiwa na mimba ya mdogo wangu Tabita. Kuni za kuyachoma alizibeba yeye. Mabati yalitoka kwenye viazi na maharage aliyoyabeba kichwani kwenda sokoni misimu mitatu, huku wewe mshahara wako ukitusomesha. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiwaambia wageni, "Mimi nilileta karatasi, nyumba aliileta mke wangu." Ulilisema hilo mbele ya watu waliokuja kunywa chai. Hukulisema mahali ambapo lingemsaidia.

Kisha msimu wa baridi ukaja, ukapata homa ya mapafu, na siku ya sita ukafa.

Baba mkubwa alifika kutoka kwetu milimani, huku Iringa, pamoja na wazee watatu wa ukoo. Alikulilia, nisimsingizie. Ni yeye aliyeuza ng'ombe wake ili wewe usome, na hilo ulitukumbusha kila Krismasi. Lakini siku ya kumaliza msiba alisimama mbele ya watu akasema kwamba mdogo wake hakuacha mtoto wa kiume, kwa hiyo nyumba, kiwanja na mjane viko chini yake. Alivitaja hivyo, kwa pumzi moja. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, hatua tatu kutoka kwake.

Mama aliinuka akaingia ndani, akafungua sanduku lako la chuma, akatoka na bahasha ya kaki. Ulimwambia ukiwa umelala mgonjwa kwamba ikitokea neno aitoe. Hajui kusoma, akanipa mimi.

Nikasoma kwa sauti. Ulikuwa mwandiko wako, Baba, mistari imenyooka kama matuta. Nyumba na kiwanja ni mali ya mke wangu, aliyeijenga pamoja nami. Baada yake, ya binti zangu wawili. Ng'ombe wangu walioko nyumbani ni wa kaka yangu, kwa shukrani ya kunisomesha. Nilisikia wanawake nyuma yangu wakivuta pumzi. Baba mkubwa aliinamisha kichwa. Nikashuka mpaka chini ya karatasi, palipoandikwa "Mashahidi," na mistari miwili iliyopigwa kwa rula.

Mistari ilikuwa mitupu. Nikageuza karatasi. Nyuma hakukuwa na kitu.

Nilijua palepale. Mtoto wa karani wa baraza angekosaje kujua? Wale wazee watatu hawakujua, na Mama alikuwa akinitazama kama mtu aliyeokolewa.

Baba mkubwa aliikataa karatasi akashtaki, na kesi ikasikilizwa katika baraza lako mwenyewe. Kwenye meza yako alikaa karani mpya. Hakimu, yule uliyemwandikia hukumu zake miaka yote, aliishika karatasi muda mrefu. Akamwambia Mama aeleze. Mama akasema, "Matofali ya nyumba hiyo nimeyakanyaga kwa miguu yangu. Kama kuna mwingine aliyeyakanyaga, asimame."

Baba mkubwa akajibu, "Hata ng'ombe hulima shamba. Halirithi."

Watu wengine walicheka, Baba. Katika baraza ulilolitumikia, walimcheka mkeo.

Niliomba kusema. Nilisema mwandiko ni wako, kila mtu pale anaujua, na tarishi wa baraza anaweza kuapa. Hakimu akanijibu kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza kuliko kicheko. "Binti yangu, mwandiko naujua kuliko wewe. Lakini baba yako ndiye aliyekuwa akinikumbusha mimi hapa: wosia usio na mashahidi ni barua tu. Niliwarudisha wengine kwa neno hilo. Nimwonee haya yeye kwa sababu ni wetu?"

Akaamua kwa mila. Nyumba na kiwanja kwa kaka wa marehemu. Mama achukue vyombo vyake na avune alichopanda msimu ule. Jambo moja tu tulilipata: alisema mjane aliyefunga ndoa kanisani hawezi kulazimishwa kurithiwa, akae na amtakaye. Baba mkubwa hakupinga. Nyumba alikuwa ameshaipata.

Tulikwenda bomani kwa Bwana Shauri, Mzungu wa serikali aliye juu ya baraza. Tulisubiri siku mbili nje ya ofisi yake. Mkalimani aliyasema maneno yetu kwa ufupi mno, kisha akaturudishia jibu fupi zaidi: mirathi ya wenyeji huenda kwa mila yao, isipokuwa marehemu ameacha wosia uliokamilika. Uliokamilika. Njia nzima ya kurudi Mama aliniuliza neno hilo maana yake nini, nami nilishindwa kumwambia kwamba maana yake ni majirani wawili na kalamu.

Nilidhani ulisahau. Kwa muda nilijifariji hivyo, kwamba homa ilikuwahi. Kisha, siku tuliyokuwa tunafunga mizigo, alikuja Mzee Asukile, jirani yetu, mzee wa kanisa, rafiki yako. Alisaidia kufunga magodoro, halafu akakaa juu ya mzigo akasema, "Damari, kuna jambo linanikera. Baba yako alikuja kwangu mara mbili na ile bahasha ndani ya koti. Mara ya kwanza alikunywa chai akaondoka nayo. Mara ya pili nikamwambia, itoe basi nitie jina. Akasema, 'Nikiita mashahidi, kaka atasikia. Atasema nimemweka mwanamke juu ya ukoo, baada ya yote aliyonitendea.' Akairudisha kotini."

"Ilikuwa lini?" nikamuuliza.

"Mwaka mzima kabla hajaugua."

Mwaka mzima, Baba. Jumamosi zote zile uliwarudisha wakulima kwa miguu kutafuta mashahidi, na wako alikuwa ng'ambo ya ua, kalamu mkononi. Ulijua sheria kuliko mtu yeyote pale bomani. Uliogopa sura ya kaka yako siku moja ya hasira, ukamwachia Mama aikabili peke yake, mbele ya watu, na karatasi isiyo na nguvu. Shukrani yako kwa kaka ulikuwa na njia ya kuilipa, uliiandika mwenyewe, wale ng'ombe. Ulimlipa kwa nyumba ya mtu mwingine.

Ndiyo maana naiacha barua hii wazi. Wanaume wa huku wanawapenda wake zao, wanawasifu mezani, na wanaona aibu kuwaandika. Aibu hiyo humwachia mjane.

Mama yuko nami. Tunakaa nyumba ya mwalimu, vyumba viwili, yeye na Tabita kimoja. Amelima viazi nyuma ya darasa. Kule nyumba yetu imepangishwa, na nasikia Baba mkubwa ametia kufuli chumba chako kwa heshima yako.

Leo mchana nilimsomea Mama yote haya akimenya viazi. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema, "Umeandika kweli. Ila hukuandika kwamba asubuhi za baridi aliamka yeye kunichemshia maji ya kuoga."

"Hayo si ya kesi, Mama."

"Andika."

Basi nimeandika. Ulimchemshia maji. Watu walikusema kwa ajili hiyo, na hukujali. Nimekaa nikifikiri kwamba kumbe uliweza kustahimili kusemwa na watu, na hapo hasira yangu ikazidi. Maji yale hayakuwa nyumba, Baba.

Jumamosi wanakusimamishia msalaba. Baba mkubwa ametuma neno kwamba sote tuwepo, na Mama atakuja. Nilimwomba asije, nikamwambia atalala wapi, apige hodi kwenye mlango wake mwenyewe? Akasema atalala kwa Mzee Asukile. Nimeshamshonea gauni la safari na Tabita atamsindikiza kwenye basi la asubuhi.

Mimi sitakuja. Nitakuja siku nitakayoweza kusimama hapo nikakuombea bila kukugombeza, na siku hiyo sijaiona bado. Usichukulie kwamba sikupendi. Mtu asiyempenda mtu hamwandikii kurasa nyingi kiasi hiki.

Lala pema, Baba, kama unaweza. Mama akifika, mtazame vizuri. Amezeeka.

Ni mimi, binti yako wa kwanza,
Damari