Banafungisha Mutu Mwenye Hakuli

Bunia, mu kambi ya parokia

Mama yangu mupenzi,

Jambo sana kwako na kwa Papa kule Aru. Mugongo yako inaendelea aje? Ungali unapata mafuta ya kupakaa? Siye tuko wazima, Mungu asifiwe, lakini miye roho imenichafuka, sitakuficha.

Ni juu ya bwana yangu, Baba Faraja. Tangu batu ya bunduki baliua mudogo wake kule Kilo na siye tukakimbilia huku, ule mwanaume hakurudia kuwa mutu. Muchimbaji mwenye alikuwa anaimba mu shimo ya zahabu! Sasa anakaa tu mu hema, macho chini. Halali. Kichwa inamuuma, kifua inamubana, chakula haipiti. Haogi, Mama. Ananuka, na kuna siku naziba pua, kisha najichukia miye mwenyewe.

Nilimupeleka ku hospitali. Infirmier, muuguzi wa pale, akapima damu, hakuna malaria. Akasema huzuni ikikaa mingi mu roho inakula na mwili pia. Apewe chakula kidogo kidogo, asiachwe peke yake.

Basi shemeji, kaka yake mukubwa, akafika na batu ya chumba ya maombi. Bakasema ako na shetani, bakamupeleka ku nyumba yao ya maombi. Na dawa yao? Afunge chakula! Mutu mwenye hakuli, banamufungisha! Aksha! Suruali yake inashikwa na kamba, na bale banamunyima ata maji, banapiga kelele ya maombi mu masikio yake mupaka mate inamurukia mu uso. Halafu bo benyewe banaenda nyuma ya nyumba kukula wali na makayabo, samaki ya chumvi, harufu inamufikia pale amelala. Nilibaona. Nilitema mate chini, mbele yao.

Jana, katikati ya kelele, bwana yangu akainua kichwa akasema, "Niko na njaa."

Mama! Tangu Kilo sikusikia ile neno mu kinywa yake. Nikaruka na furaha. Shemeji akanisukuma: "Musimusikilize! Ni shetani njo inaomba chakula."

Nikamushika bwana yangu mukono, tukatoka. Shemeji akapiga kelele: "Bibi gani huyu, hana heshima?" Sikugeuka. Nikamupa buyi, uji ya mahindi, akaitapika. Nikapangusa, nikamupa ingine. Ile ikabaki.

Shemeji alisema dimanche, siku ya kanisa, atarudia kumuchukua. Miye bibi tu, hatanisikia. Lakini neno ya mukwe, baba ya bibi, ku desturi yetu hawezi kuikanyaga. Mwambie Papa amutumie neno mbio, amukataze kumugusa bwana yangu. Kama banamurudisha kule, atakufa, na bataimba ku maziko yake. Ile inanichukiza kupita yote.

Nisalimie Yaya, mukubwa wangu mwenye anashona nguo, na shangazi mwenye alinifundisha kupika sombe, majani ya muhogo. Faraja anaanza kuota meno, anauma kila kitu.

Naacha hapa, chungu iko ku moto. Kama mwenye anaomba chakula ni shetani, basi, Mama, huyo shetani nitamupikia kila siku.

Miye mutoto wako,
Dorika