Nusu Mzunguko wa Nati

3 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Ulifika salama? Mgongo umepoa? Mimi mwili mzima, moyo ndio mgonjwa.

Ulipoondoka tu, jaribio likaanza. Unajua mawimbi yetu ya redio ya terahezi yanavyobeba mzigo: filamu nzima inavuka toka paa hadi paa kabla hujapepesa jicho. Lakini ni membamba kama uzi. Yakikosa shabaha kidogo, kimya. Basi juzi yakawa kimya mbele ya wageni wote. Profesa wangu anasema nilikosea hesabu za unyevu wa hewa, ule unaoyameza mawimbi, na kazi anampa mwenzangu. Miaka minne, dada. Wewe uliyefunga antena, hukuona chochote?

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo wa fundi wa minara haupoi, lakini asante kwa kuuliza. Antena niliifunga barabara. Hesabu ni zako msomi. Mimi ni wa kupanda tu, kama ulivyowaambia wageni. Nani alikufundisha kushika chuma cha kulehemu? Hilo hukulisema.

Pole lakini.

Dada yako

29 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Hujanijibu, na mama anasema huli, unashinda chumbani ukirudia hesabu zilezile. Acha. Ziko sawa.

Ni mimi. Asubuhi ile wageni walikuzunguka pale uani, nami juu ya paa na spana mkononi. Mtihani wa kuingia chuo tuliufanya chumba kimoja, wewe kwa mara ya kwanza, mimi kwa mara ya tatu. Matokeo unayajua. Kijiba cha roho kikanishika. Nikalegeza nati moja ya antena nusu mzunguko, nikashuka ngazi, nikapanda basi. Furaha yangu haikufika hata kituo cha pili.

Nimemwandikia profesa yote na kutia sahihi.

Dada yako

12 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Mama hajambo, sijamwambia.

Profesa aliisoma barua yako mbele ya wenzangu. Kazi nimerudishiwa. Jana tulikaza nati, na mawimbi yakavuka kutwa nzima bila kukatika. Nilitaka kumpigia mtu nimwambie, nikakuta mtu mwenyewe ni wewe. Nikaiweka simu chini.

Jaribio kubwa ni mwezi ujao. Nimeomba fundi mwingine. Ukija nyumbani, mlango nitakufungulia mwenyewe, ila usiniulize kama nimekusamehe. Ukiniuliza nitasema ndiyo, na nitakuwa nimekudanganya.

Mdogo wako