Mahindi ya Mzee Maurice

Inver Grove Heights, 20 Oktoba 1996

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, masomo yanaenda, ila baridi imeanza kuuma masikio. Mgongo wako unaendeleaje?

Nimehama bweni. Naishi kwa mzee mmoja, Maurice, aliyefiwa na mkewe Christina mwezi wa nne. Chumba ni bure, nami nalisha alpaka wake kabla ya kupanda basi kwenda chuoni Saint Paul. Ni wanyama wa jamii ya ngamia, wakubwa kama ndama, manyoya kama godoro. Chakula chao ni nyasi kavu na chumvi ya madini. Nafaka ni kiganja tu. Lakini mzee huingia bandani kila mara na ndoo ya mahindi. Kwa macho huoni kitu, manyoya yanaficha, ila nikiwapapasa mgongo siupati uti. Wamenenepa mno.

Mwanao, Haika

Marangu, 24 Novemba 1996

Mwanangu Haika,

Marahaba. Mgongo unauma nikikata migomba ya kulisha ng'ombe tu. Jirani yetu Jairus nilimsomea barua yako, akacheka kwamba umepanda ndege kwenda kulisha mifugo. Usimjali.

Huyo mzee mwambie kwa upole kwamba jike akinenepa hivyo, kuzaa kunakuwa shida. Ni mtu mzima, ataelewa. Na wewe unakula nini huko? Hukusema.

Mama yako

Inver Grove Heights, 29 Desemba 1996

Mama,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi mwili ni mzima, moyo haujatulia.

Nilimwambia mzee kama ulivyonielekeza. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea na mahindi yake. Juzi Rosa, aliyekuwa na mimba, alilala tumbo limejaa, anasaga meno. Daktari wa mifugo, Jedidah, alisema mahindi yamechacha tumboni, na tangu sasa wapewe nyasi kavu tu. Rosa amepona. Mimba imetoka. Mzee alilia huku ameegemea ukuta wa banda.

Asubuhi yake nikamkuta tena na ndoo. Nikamshika mkono. Akaniambia, "Christina hakuwahi kuwaacha na njaa."

Mama, baba alipofariki nilikuwa huku, sikukuona. Wewe ulifanyaje?

Mwanao, Haika

Marangu, 2 Machi 1997

Mwanangu,

Marahaba. Nisamehe kwa kimya, sikuwa mgonjwa. Kila nilipokaa kukujibu nilinyanyuka nikatafuta kazi nyingine.

Haika, mimi bado napika chakula cha watu wawili. Tangu tumzike baba yako. Napakua sahani yake, naiweka mezani, kisha namwita Jairus, namwambia kimebaki. Anajua hakijabaki. Anakula, anashukuru, anakwenda zake.

Kwa hiyo usimwambie huyo mzee aache. Mimi ungeniambia niache, ningekukasirikia. Mtafutie jambo jingine la kuwafanyia, linalochukua muda kama kulisha. Ni lipi, sijui. Wewe ndiye unayewaona.

Mama yako

Inver Grove Heights, 11 Mei 1997

Mama yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma ndani ya basi, nikapitiliza kituo, nikarudi kwa miguu. Afya yangu ni njema.

Nilimwomba mzee anifundishe kuwatembeza alpaka kwa kamba. Akakataa, akasema hiyo ilikuwa kazi ya mkewe. Nikatoka na Rosa peke yangu, akawa ananivuta huku na huku hadi matopeni. Mzee alituangalia dirishani kwa muda, kisha akaja akaichukua kamba. Sasa kila jioni huwazungusha shambani mmoja mmoja, na njia nzima anawasimulia habari za Christina. Mahindi napima mimi, kiganja kimoja kimoja kama daktari alivyoruhusu sasa, naye anawalisha. Hajaniuliza kwa nini yamepungua. Uti wa Rosa sasa naupata nikimpapasa. Juzi mchana jike mwingine alizaa salama, na mtoto akanyonya mwenyewe.

Nimemwambia mzee kwamba mwezi wa saba atawalisha peke yake, kwa sababu nakuja nyumbani. Sahani ya baba usiiondoe. Endelea kuipakua mpaka nifike, nitaila mimi. Jairus mwandalie yake.

Mwanao, Haika