Namba ya Rehema Bado

Mandewa, Jumanne

Leo nilikuwa nimeamua kutomuuliza. Tangu binti yangu Rehema ahamie Marekani anasubiri namba ya hifadhi ya jamii. Mwajiri wake hataki aanze kazi bila hiyo, na ameanza kuchoka kumngoja. Kila akifuatilia anaambiwa nyaraka zake bado zinahakikiwa. Naogopa nafasi atapewa mwingine.

Marehemu baba yake alikuwa akimuuliza kwenye simu, "Namba imetoka?" hata kabla hajaitikia shikamoo. Alipofariki nikaendelea mimi.

Basi leo alipopiga nikamweleza habari za alizeti na kuku tu. Akanikatiza.

"Mama, mbona huulizi?"

"Nakuchosha, mwanangu."

"Uliza kama Baba."

Nikakohoa, nikauliza kwa sauti nzito.

Akacheka huku analia. "Bado, Baba. Shikamoo."

"Marahaba," nikamwitikia kwa niaba ya baba yake.