Mlima wa Malkia

Kwako mjukuu wangu, bibi mwandishi,

Mimi mzima, ni magoti tu yananigomea. Kitabu chako kimefika, na sasa hapa kibandani viatu havishonwi, ni ubishi mtupu. Jirani yangu kinyozi anasema yule malkia wako wa majitu, ambaye uliandika kuwa "alitembea na mlima mgongoni," hakubeba mlima wowote. Ati huo ni uzito wa huzuni.

Nikamwambia, "Wewe nyoa vichwa, usivisomee! Kwenye nchi ya majitu mlima ni mlima. Na visigino vya viatu vyake mbona vimelika? Huzuni haili soli."

Baba yako naye alikuwepo, kafuata viatu vyake. Unamjua: tangu uache udaktari, aliapa hatagusa hadithi zako. Basi akaropoka, "Nyote hamkusoma! Mwishoni anautua huo mlima, watu wanajenga kivulini mwake. Huzuni gani hiyo ya kujengea nyumba?"

Nikamuuliza, "Mwisho umeujulia wapi, mwanangu?" Akajifanya anakagua kiatu.

Tangu siku hiyo natembea nimetunisha kifua kama jogoo.

Jana baba yako karudi, hana hata kiatu cha kushona, ananiuliza kama najua ulikuwa na maana gani kwa huo mlima. Nikamwambia sijui, na ningejua nisingemwambia. Jibu usinipe mimi, mpigie yeye. Siku hizi anakula na simu mezani, na ikilia anaacha tonge.

Ni mimi babu yako, fundi viatu, mwenye mjukuu anayebishaniwa mtaa mzima.