Koti la Kihara

Elburgon,
Jumapili jioni.

Kwa mtoto wa mama yangu, Wariara,

Pokea salamu nyingi kama magogo yaliyokuwa yakishuka kutoka msitu wa Mau siku zile mashine zote za mbao zilikuwa zikinguruma. Naamini wewe na Abby wako mko wazima hapo Naivasha, na yale magoti yako yamekusamehe kidogo. Mimi Kamande niko. Ugali bado naukata kama mlima, na wanaume wa hapa bado wanaogopa mdomo wangu.

Usishangae kuona herufi kubwa kama za kibao cha hoteli. Nimeandika na kalamu ya kuwekea magunia alama, na sababu utaiona. Ningepiga simu, lakini kwa simu mimi hucheka tu, na wewe hukata ukijua kaka yako yuko sawa.

Unanijua. Nimepeleka trela Kigali, nimefika hadi Lubumbashi, na pale Salgaa, kwenye kituo cha malori, madereva walikuwa wakisema Kamande anaona polisi kabla polisi hajaamka. Kampuni ilitupatia kadi ya kupimwa macho kila mwaka, na miwani ya bure juu yake. Mimi nilikuwa nachukua miwani ya jua, ile nyeusi ya kung'aa, halafu namkwepa daktari. Macho ya mwewe yapimwe ya nini? Siku ya kustaafu wakanipa blanketi na saa ya ukuta. Kadi wakabaki nayo.

Basi mwaka huu ukungu ukakataa kuondoka. Nikasema ni Mau tu, ukungu ni wa kwetu. Lakini saa sita mchana, jua linachoma mgongo, bado ukungu? Nikaanza kumimina chai kando ya kikombe. Siku moja nikamwamkia kwa heshima punda wa kubeba maji, nikimwita mathe, nikidhani ni mama wa watu.

Nikashuka hospitali Nakuru. Daktari wa macho ni msichana anaitwa Jemutai, mdogo kuliko viatu vyangu. Akaniambia nisome herufi za ukutani. Mimi mjanja, nilikuwa nimemsikiliza mgonjwa wa mbele yangu, nikazishika zote kichwani, nikazisoma kama mchungaji na Zaburi. Akacheka, akanijulisha kwamba ubao alikuwa ameshaubadilisha. Wariara, nilitokwa na jasho! Alinipima presha ya macho, akanimulika, akasema presha ni nzuri ila macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Akasema si laana, wala si uzee wa kukubali tu. Hutolewa, jicho moja kwanza, na mtu analala kwake siku hiyo hiyo. Kisha akanigombeza, eti mtu akistaafu ndio anafaa kupimwa kila mwaka, sio kungoja mpaka aanze kupapasa kuta. Malipo yasikusumbue. Bima ya serikali nimejiandikisha, na kitakachobaki, yule ndume wangu mweusi wa zizini amejitolea kuuzwa.

Jambo moja ndilo lilinishinda. Jemutai alisema lazima nije na mtu wangu, wa kunishika mkono nikitoka jicho limefungwa, na kunitilia matone nyumbani. Akauliza jina. Mimi, mwenye marafiki kutoka Mombasa hadi Kongo, nikaanza kuhesabu kwa vidole. Zeddy wangu yuko Qatar, mama yake tulimzika. Wale wa Salgaa, wengine ni makaburi na wengine ni namba hazipatikani. Mwisho nikamtaja jirani yangu, Kihara.

Unamkumbuka, yule wa kupasua mbao. Kila asubuhi alikuwa anasimama shambani mwake na lile koti lake la kijani, nami nampungia mkono kutoka kwa ua na kumpigia stori. Tangu mahindi yapandwe alikuwa mkimya, hajibu, hata mvua haimsongeshi. Nikadhani ameokoka zaidi. Lakini alikuwa anasikiliza vizuri, na kwa nyumba ya sahani moja, msikilizaji ni mtu mkubwa.

Hapa ndipo mzaha unaniishia, dada. Nilivuka ua kumwambia siku ya hospitali. Nikamshika mkono. Mkono ulikuwa fito, na ndani ya koti ni nyasi kavu. Mama aliyekodi shamba alitoka mbio akidhani ni mwizi wa mahindi. Akanieleza polepole kwamba Kihara alichukuliwa na binti yake wakaenda Kericho kabla ya mvua, na koti aliliacha, likawa la kufukuzia ndege. Akasema pia kwamba Kihara alikuja kuniaga. Alisimama langoni kwangu akapunga mkono, akapunga tena. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni. Nilimtazama, nikainuka, nikaingia ndani. Aliondoka akisema Kamande amekuwa na kiburi.

Kiburi ninacho tangu nizaliwe, lakini siku hiyo sikuwa nacho. Sikumwona.

Na nikuambie yote: asubuhi iliyofuata nililipungia tena lile koti. Nikaliambia habari za Lubumbashi. Kisu hakinitishi, Wariara. Kinachonitisha ni kufunguliwa jicho, nione vizuri kabisa, na mbele yangu hakuna mtu.

Jina la Kihara nimelifutisha, nikaandikisha lako kabla ya kukuuliza. Upasuaji ni Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Njoo Jumatano, kitanda cha Zeddy nimekitandika lile blanketi la kustaafu.

Msalimie Abby, mwambie mjomba bado ni dume. Na ukifika langoni, tafadhali, usinipungie mkono. Niite.

Kaka yako,
Kamande